Afande na Miche ya Jumapili

Mamamkwe wangu alikuwa askari jela maisha yake yote ya kazi, akastaafu, akahamia kwangu, na tangu siku hiyo mfungwa ni mimi. Sisemi kwa ubaya, ndivyo ilivyo. Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Alipoingia na sanduku lake la bati, kabla hata ya kunywa maji, aliikagua yote kuanzia uvunguni mwa kitanda mpaka juu ya kabati, akatokeza sebuleni na soksi yangu moja kaishika kwa vidole viwili, akauliza ni ya nani. Tangu hapo watoto wanapanga mstari kwenda kunawa mikono, mke wangu anafagia ua kabla hajaulizwa, na mimi, mtu mzima mwenye karakana yangu ya kutengeneza friji, nasimama kila anapoingia sebuleni. Hakuna aliyeniamuru. Miguu inajisimamia yenyewe.

Mji mzima unamwita Afande. Jina lake halisi wanalijua wachache, na hao wachache hawathubutu kulitumia.

Sasa mwanamke wa aina hiyo ukimweka nyumbani bila kazi atawamaliza. Mke wangu aliliona hilo kabla yangu. Akasikia kuna kikundi cha watu wanaotembea porini kila Jumamosi asubuhi, wanaangalia ndege na vipepeo, halafu wanapanda miti kwenye mteremko ulio juu ya kijito, nyuma ya stendi ya mabasi. Mteremko wenyewe ulikuwa umebaki kipara. Mvua ikinyesha, tope lote lilikuwa linashuka mpaka chini ya makochi ya watu wa bondeni. Wanakikundi walikuwa watu laini, wa kuoneana haya. Walikuwa wanakutana saa yoyote wanayojisikia, wanapiga soga, wanapanda mche mmoja, wanaupiga picha, wanarudi makwao wakijipongeza. Mke wangu akampeleka mama yake huko, na wiki ya pili mama akawa kiongozi. Hakuna aliyempigia kura. Alipuliza filimbi tu, watu wakajipanga.

Nilifurahi, jamani. Nikajua Jumamosi zangu zimerudi. Nikajilaza kwenye kochi mara moja tu, kwani Jumamosi iliyofuata mke wangu alikuja amenishikia viatu.

"Mama hawezi kwenda peke yake," akasema.

"Ana kikundi kizima kule."

"Nimesema mama hawezi kwenda peke yake."

Huyu naye ni binti wa Afande, msisahau. Nikavaa viatu.

Haya, sikilizeni matembezi yenyewe yalivyo. Kabla ya kuingia porini tunapanga mstari, Afande anapaza sauti, "Hesabu!" na kila mtu anaita namba yake. Tukitoka porini tunaita tena, na lazima zilingane, maana hajawahi kupoteza mfungwa kazini na hana mpango wa kuanza kupoteza watu uraiani. Siku moja hesabu ya kutoka ikazidi. Tukahesabu upya, ikazidi vilevile. Kumbe kulikuwa na muuza gesi mmoja aliyeacha baiskeli yake barabarani akaingia kichakani kujisaidia. Akiwa huko akasikia "Hesabu!" Akashtuka, akatoka mbio huku anafunga mkanda, akasimama mwisho wa mstari, akaita namba. Hakuthubutu kueleza, na Afande akamkabidhi jembe. Mpaka leo ni mwanachama. Tunamwita Nyongeza, na ukimuuliza kwa nini haachi, anakujibu kwamba hajaruhusiwa.

Wengine mnaopaswa kuwajua ni wawili. Yupo Fundi Viatu, mzee mwembamba asiyeweza kupita penye ukimya bila kuutilia uongo kidogo. Yupo pia Mwalimu, mama wa shule ya chekechea, ambaye machozi yake yako karibu sana. Anamlilia hata kinda wa ndege aliyeanguka, na kinda mwenyewe akiruka akaenda zake, anamlilia vilevile.

Miche yetu ni ya muarobaini. Tulikuwa tunaipata kwenye kitalu cha serikali, kila mmoja na udongo wake ndani ya kiriba, kile kifuko cha plastiki, tunaipanda kwa kamba ili mistari inyooke, maana Afande kitu kilichopinda kinamuuma kama jino. Kila Jumamosi kabla ya kazi anaipitia miche mstari kwa mstari, anagusa kila mmoja kwa ncha ya fimbo yake. Fimbo ikigusa shina, anasogea. Ndiyo, miti nayo anaihesabu. Nilidhani ni kichaa cha kustaafu, nikanyamaza, maana mamamkwe hachekwi machoni pake.

Baada ya hapo ndipo tunapalilia. Kuna gugu moja tunaliita Mkorofi. Ukiliacha msimu mmoja linafunika mteremko mzima na kukaba kila kinachoota. Likiwa changa majani yake yana meno meno, kidogo kama muarobaini, lakini mtu mwenye macho hawezi kuyachanganya hata akiwa na usingizi.

Mtu mwenye macho, nimesema. Nyumbani dalili tulikuwa tunaziona. Afande alikuwa akimimina chai pembeni ya kikombe, halafu anailaumu meza. Siku moja alikwenda sokoni amevaa viatu viwili visivyojuana. Nyingine nilimkuta amesimama mbele ya koti langu lililotundikwa mlangoni, ameweka mikono nyuma, anangoja shikamoo. Koti halikumwamkia. "Mkwe amekuwa na kiburi siku hizi," akamwambia binti yake, na mimi nikaja mbio kutoka jikoni, "Shikamoo mama, shikamoo," ili kuokoa heshima yangu na ya koti.

Madaktari wa macho walipokuja kupima watu bure kwenye ukumbi wa mji, mke wangu alimpeleka kwa hila, akimwambia kuna mkutano wa wastaafu. Ni mtoto wa jicho, wakasema, macho yote mawili. Operesheni yake ni fupi, mtu anaingia asubuhi na mchana yuko kwake. Ila asikae sana, maana ugonjwa ukikomaa inakuwa kazi kubwa, na hawaahidi kitu. Afande aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, akarudi nyumbani, akatangaza kwamba hakuna kisu kitakachoingia jichoni mwake yeye akiwa hai. Mke wangu akalia, Afande akamwambia anywe maji.

Basi. Jumamosi moja baada ya mvua za kwanza, tuko mteremkoni tunapalilia, Afande anatuonyesha kwa fimbo: ng'oa hili, ng'oa lile. Fimbo ikatua juu ya mche wa muarobaini, mche mzuri, umeshika, una majani mapya ya juu.

"Mwalimu, ng'oa huyu Mkorofi."

Mwalimu akatazama mche, akanitazama mimi, akamtazama Afande. "Afande, lakini huu ni..."

"Ni nini?"

"Ni... Mkorofi mkubwa kweli huyu," akasema Mwalimu, akaung'oa, machozi yanamtoka.

Afande mwenyewe akainama, akang'oa mwingine, na mwingine, kwa nguvu zake zote, huku akisema watu tumezidi uvivu, magugu yameota mpaka kwenye mstari. Kila mmoja alimwona. Hakuna aliyefungua mdomo. Mngekuwa nyinyi mngesema? Hebu acheni ushujaa wa mbali. Yule mama akikugeukia na kukuuliza "Unasemaje?" hata jina lako unalisahau. Tukarundika miche yetu pamoja na magugu juu ya lile jiwe kubwa ambako tunayaanika yakauke, na Fundi Viatu, nikamwona, akaitenga kidogo kidogo kwa mguu na kuifunika kwa gunia bichi.

Jumapili sikupata raha. Nikajiambia, kwa nini nisiende nikairudishe ardhini, nani atajua? Nikatia mwiko na chupa ya maji kwenye sanduku langu la vyombo, nikamuaga mke wangu kwamba kuna friji ya bucha imekufa. Nikapanda mteremko. Nikamkuta Fundi Viatu amepiga magoti, anapanda.

"Nimeangusha funguo," akasema.

"Na mimi nimekuja kutafuta spana," nikasema.

Hatujamaliza kudanganyana, Mwalimu akatokea na ndoo ya maji akisema anafanya mazoezi ya kutembea. Nyuma yake Nyongeza. Yeye alisimama tu akangoja kuitwa namba. Tukacheka mpaka tukakaa chini. Tukapanda miche yote, haraka haraka, bila kamba, kila mtu na mstari wake, jicho moja kwenye shimo na jingine kwenye njia. Jumamosi iliyofuata Afande akapita na fimbo yake, akagusa miche yote, akaridhika. Halafu akang'oa mingine. Na Jumapili tukarudi.

Ikawa ndio utaratibu. Jumamosi tunang'oa, Jumapili tunapanda. Wengine wa kikundi wakajua, wakawa wanatuachia maji njiani. Tukawa tunajiona watu wema kupindukia. Mwalimu alisema huo ndio upendo wenyewe, na Fundi Viatu akasema angependa siku moja naye adanganywe kwa heshima namna ile.

Mpaka jioni moja mezani. Mke wangu alianza tena habari za macho, kwa sauti ya upole aliyoifanyia mazoezi jikoni. Afande akaweka kijiko chini.

"Sikiliza, binti yangu, nikuambie mara moja, nisirudie. Macho yangu ya sebuleni yamechoka, sikatai. Lakini jicho la kazi ninalo. Hebu muulize mumeo hapo, tumeotesha mteremko mzima, hata mche mmoja haujapotea. Siku nitakayong'oa mche nikidhani ni gugu, siku hiyohiyo nitakwenda hospitali kwa miguu yangu, bila kubembelezwa. Kabla ya hapo mtu asinisumbue. Si kweli, mkwe?"

Nilikuwa natafuna. Nikaacha kutafuna.

"Mkwe."

"Ni kweli, mama," nikasema, nikaendelea kutafuna.

Asubuhi nikamfuata mke wangu kambani alikokuwa anaanika nguo, nikamweleza yote. Nilitegemea atacheka, au angalau atanipa pole kwa zile Jumapili zangu. Alishika shati langu bichi, akanitazama, nikajua leo nimekwisha.

"Yaani kila akikosea mnakwenda kumsahihishia nyuma."

"Tunamstahi, mke wangu."

"Kila akikosea! Halafu yeye anahesabu na fimbo yake, anaona yuko sawa, anarudi nyumbani ananiambia ana jicho la kazi. Mnampofusha mama yangu kwa adabu zenu! Ninyi na ndoo zenu!" Akanirushia lile shati. "Nenda kamwambie."

"Mimi? Mimi mkwe?"

"Si ndiye uliyekuwa unapanda?"

Sikumwambia. Nani angeweza? Nilipanga nitamwambia Jumamosi, njiani, polepole, nianze na hali ya hewa. Jumamosi yenyewe tukapita njia ya juu, ile inayopakana na korongo, na Afande yuko mbele kama kawaida, kifua mbele, anatuelekeza tusikilize ndege. Njia inakata kushoto pale. Yeye akaendelea mbele. Mbele hakuna njia, kuna korongo, na chini yake mawe. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari uko hewani.

Sikufikiri. Nilimrukia nikamshika mkanda kiunoni, nikamvuta nyuma kwa mikono yote miwili. Mamamkwe! Kiunoni! Kikundi kizima kikaguna. Akanigeukia polepole, na mimi bado nimeung'ang'ania ule mkanda.

"Unanikamata?"

"Nyuki, mama," nikasema. "Kulikuwa na nyuki."

"Mkubwa kiasi gani, mpaka umshike kwa mikono miwili?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka, tukakata kushoto. Ile sekunde moja ilitosha. Nilikuwa nimekaa siku zote hizo nikiogopa kumuudhi, wakati mwenzangu anataka kuanguka. Nilikasirika. Nikajikasirikia mimi, nikamkasirikia Fundi Viatu na gunia lake, nikamkasirikia Mwalimu na upendo wake. Siku hiyo Afande aling'oa miche mingi kuliko siku zote, akaukomba mstari mmoja karibu wote.

Jumapili nikawawahi pale mteremkoni, nikawazuia njiani kama mgambo.

"Leo hapandi mtu," nikawaambia. Nikawaeleza kiapo chake, na maneno ya madaktari, na kwamba nyuki hakuwepo.

Mwalimu akalia. "Itamvunja moyo."

"Moyo utaungwa. Jicho je?"

"Basi mwambie wewe," akasema Fundi Viatu. "Wewe ndiye wa nyumbani."

"Siwezi kumwambia."

"Sasa?"

"Sasa hatufanyi kitu. Tunaacha mashimo yakae wazi, tunaacha miche ikauke pale juu ya jiwe. Atayaona mwenyewe kwa fimbo yake."

Wakatazamana. Ni Nyongeza aliyejibu, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akitoa wazo. "Mimi kutofanya kitu naweza," akasema, akashusha ndoo. Tukaondoka, kila mtu na njia yake, na ile miche ikabaki inapigwa jua. Nawaambia ukweli, ilinichoma roho. Tuliipanda wenyewe.

Jumamosi ikafika. Afande akapuliza filimbi, tukaita namba zetu kwa sauti za watu wanaokwenda kunyongwa, tukapanda mteremko. Akaanza kupita mistari. Fimbo ikagusa shina, akasogea. Ikagusa shina, akasogea. Akaingia kwenye ule mstari alioukomba. Fimbo ikagusa hewa. Akaipeleka kushoto, kulia, ikazama ndani ya shimo. Akasogea hatua moja, shimo. Hatua nyingine, shimo. Alikwenda mpaka mwisho wa mstari, na sisi tumesimama tukimtazama akipapasa. Nisingependa kuona tena kitu kile.

"Nani kaiba miche yangu?" akauliza.

Kimya. Na mnamjua Fundi Viatu na kimya.

"Ni mbuzi, Afande," akaropoka.

"Mbuzi wa nani?"

"Wa... wa yule mama wa nyumba ya mwisho. Ana mbuzi mmoja mwenye tabia mbaya."

"Mbuzi hang'oi na mizizi, mpumbavu wewe. Lakini twende. Leo huyo mama atanitambua." Akageuka kuteremka, fimbo imenyanyuliwa, anakwenda kumgombeza mjane wa watu kwa ajili ya mbuzi ambaye labda hata hakuwahi kupita pale. Nikaona nisipofungua mdomo sasa sitaufungua tena.

"Mama, hakuna mbuzi."

Akasimama.

"Ni wewe, mama. Wewe ndiye uliyeing'oa Jumamosi iliyopita. Iko kule juu ya jiwe."

Akalifuata lile jiwe akipapasa kwa fimbo, akapiga goti, akaingiza mkono kwenye rundo. Akatoa kitu kimoja. Akakipapasa mizizini, na donge la udongo lilikuwa bado limeganda, mviringo, vilevile lilivyotoka kwenye kiriba. Gugu halina kiriba. Akashika jani lililokauka, akalinusa, akalitia mdomoni, akatafuna. Kila mtu anaujua uchungu wa muarobaini. Yeye hakukunja hata uso. Alitafuna mpaka likaisha, akatema.

"Ni mara ya kwanza?" akauliza, bila kugeuka.

"Hapana, mama. Tangu mvua zianze."

"Mbona miche nilikuwa naikuta?"

Mwalimu akaanza kwikwi. "Tulikuwa tunairudisha Jumapili, Afande. Tulikuwa hatutaki uumie."

"Nani na nani?"

Nikapiga hatua moja mbele. Mwalimu akaja, Fundi Viatu akaja. Nyongeza naye akaja, akaita namba yake bila kuulizwa. Halafu wengine wote, hata wale waliokuwa wanatuwekea maji tu. Afande akasikiliza ile miguu ikisogea, akajua ni mstari mzima.

"Nimelinda wezi," akasema. "Nimelinda wauaji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunipiga changa la macho kama nyinyi." Akalipiga lile jiwe kwa fimbo. "Mmeniacha nikajisifu. Nimejisifu mbele ya binti yangu mezani, na wewe mkwe uko pale unatafuna."

"Nisamehe, mama."

"Nyamaza. Hospitali iko upande gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono, halafu nikakumbuka. "Kushoto, mama. Tunashuka mpaka stendi, tunakata kushoto."

"Nilisema kwa miguu yangu. Jipangeni."

Tukajipanga. Akabaki amesimama hapo, hajui aanzie wapi kushuka, na mimi nashindwa nimshike wapi, maana ya mkanda yalishanitosha. Mwishowe akanyoosha fimbo, akanipa ncha moja, yeye akashika nyingine. Tukashuka hivyo, mimi mbele, fimbo katikati, mamamkwe nyuma, na kikundi kizima kinafuata na majembe begani. Tulipita stendi, makondakta wakaacha kuita abiria. Mmoja akauliza tunakwenda kumzika nani.

Karibu na geti la hospitali nikasikia fimbo imekuwa nzito. Afande alikuwa amesimama.

"Mkwe," akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia. "Ninaogopa."

Mimi ni mtu wa friji, si wa kufariji. "Na mimi ninaogopa, mama," nikasema.

"Wewe unaogopa nini, jicho ni lako?" Akanisukuma kwa fimbo. "Tembea."

Dada wa mapokezi aliona majembe yanaingia mlangoni akasogea na kiti chake nyuma. "Mgonjwa ni nani?"

"Mimi," akasema Afande. "Hawa ni wangu." Na kwa sababu tulikuwa ndani ya jengo lenye milango mingi, na hajawahi kupoteza mtu, akatupangisha ukutani palepale. "Hesabu!" Tukaita. Na babu mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi na bandeji machoni, hatumjui hatujawahi kumwona, akaita namba iliyofuata.

Walimfanyia jicho moja kwanza, na la pili baadaye, akiwa ameshaanza kuwasumbua manesi kuhusu mashuka. Nyumbani tulijua yamepona asubuhi moja alipotoka chumbani, akaliangalia koti langu mlangoni, akaliambia, "Kumbe ni wewe," akapita. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, akajifunika mdomo kwa leso.

Jumamosi ya kwanza daktari alipomruhusu, tulimpeleka mteremkoni. Mvua zilikuwa bado zinaendelea na udongo ulikuwa laini. Kwenye ule mstari mtupu tulishatia miche mipya. Kikundi kizima kilifika mapema, wengine wamevaa nguo za kutokea. Tulikuwa tunangoja afurahi. Afande akavua miwani nyeusi aliyopewa hospitalini, akaifuta, akaukodolea macho ule mteremko uliokuwa na kijani mpaka juu. Akatazama muda mrefu.

"Hii nini?" akauliza.

"Miti, Afande," akasema Nyongeza.

"Naona ni miti. Nauliza aliyeipanda alikuwa amekunywa nini."

Tukaitazama na sisi, sasa kwa macho yake. Loo. Ile miche ya Jumapili, iliyopandwa bila kamba na watu wanaoangalia nyuma, ilikuwa imekwenda zigizaga mteremko mzima. Kwa fimbo haikuonekana, maana fimbo ikikosa hapa inapapasa pale. Kwa macho ilikuwa aibu. Fundi Viatu akaanza kusema kitu kuhusu maporomoko ya ardhi, Afande akamtazama tu, akanyamaza.

"Chukueni kamba. Ng'oeni yote na udongo wake, pandeni upya. Leo hii. Huu mstari ni wa nani?"

"Wangu," akasema Mwalimu.

"Ng'oa. Na huu?"

"Wangu, Afande."

"Ng'oa."

Akafika kwenye mstari mbaya kuliko yote. Ulianza vizuri chini, halafu ukayumba, ukakaribia kuingia kwa jirani, ukarudi.

"Huu?"

"Wangu, mama," nikasema, nikashika jembe nianze.

Alinitazama usoni, karibu, kama mtu anayesoma bango. Nikagundua huenda ni miaka hajaniona vizuri. "Umepata mvi, mkwe," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na hilo shati lenye madoa, mke wako ameliona?"

"Ameliona."

Akautazama tena ule mstari wangu kuanzia chini mpaka juu, kila ulipopinda, bila haraka. Nikanyanyua jembe.

"Huo uache."

"Mama, umepinda."

"Naona kwamba umepinda! Nimekwambia uache. Kila Jumamosi nikipita hapa nataka niuone." Akageuka upesi, akavaa miwani yake nyeusi ingawa jua lilikuwa nyuma ya mawingu, akapuliza filimbi. "Hesabu!"

Waliotangulia wakaita. Ikafika zamu yangu, na mimi bado nautazama ule mstari, namba sijaita. Akasimama na filimbi yake mkononi, akasema hesabu hazilingani, tuanze upya.